Shotigani ya pampu: kuikoki ipasavyo, na vipuri vinavyochakaa mapema

Shotigani ya pampu haijiendeshi. Bunduki zinazojikoki hutumia gesi ya baruti au nguvu ya mrudisho kutupa ganda na kupandisha risasi nyingine. Hii inategemea mkono wa anayeishika, basi. Ndiyo maana haibagui risasi kali na hafifu, na ndiyo maana pia matatizo yake mengi huanzia mkononi. Mtu anaipeleka kwa fundi akilalamika kuwa inakwama, fundi anaikoki mara ishirini mfululizo na haikwami hata mara moja. Kilichokwama ni mkono ulioishia katikati ya njia.

Kuhusu uimara, jambo la kujua mapema ni kwamba vyuma vikubwa, yaani mtutu, bodi (kiwiliwili kinachobeba mitambo) na boliti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), kwa kawaida hudumu kuliko mwenye bunduki. Vinavyochakaa ni vidogo: springi, ukucha wa kuvuta ganda, kirushio kinacholitupa nje, na vizuia risasi, vinavyozishika risasi zisitoke ovyo kwenye bomba la magazini lililo chini ya mtutu. Maelezo yaliyo hapa yanakaa zaidi kwenye hivyo vidogo na kwenye ule mkono.

Kilichomo ndani

Muundo wenyewe ni wa zamani. Winchester 1897, kazi ya John Browning, ilikuwa na nyundo iliyo nje. Winchester Model 12 ya mwaka 1912 ikaificha ndani. Baadaye zikaja Ithaca 37, Remington 870 na Mossberg 500, na hizi mbili za mwisho ndizo zilizoenea kuliko zote. Ukizifungua zote unakuta wazo lilelile.

Mkono wa pampu umeunganishwa na fito za chuma zinazoingia ndani ya bodi. Bunduki za zamani zilikuwa na ufito mmoja. Za sasa zina mbili, moja kila upande, ili mvuto usiende mshazari na kusababisha kusuasua. Fito hizo zinasukuma kitelezi, na kitelezi kinabeba boliti. Kwenye 870 na 500, pampu ikifika mwisho wa mbele, kipande cha chuma kilicho ndani ya boliti kinainuka na kuingia kwenye tundu lililochongwa kwenye mkia wa mtutu. Hapo boliti na mtutu vinakuwa kitu kimoja, na nguvu ya mlipuko inaishia kwenye vyuma hivyo viwili bila kuielemea bodi. Kwa sababu hiyo Mossberg 500 inaweza kuwa na bodi ya alumini na bado ikahimili risasi zilezile zinazopigwa na Remington 870 yenye bodi ya chuma. Anayeikataa bodi ya alumini kwa hofu ya kupasuka ana hofu isiyo na msingi. Chuma kina faida zake, uzito unaopunguza teke la bunduki ukiwa mmojawapo, lakini suala la kuhimili mlipuko halimo.

Ukivuta triga, nyundo inaachiwa, inapiga pini, pini inapiga fataki, ile duara ndogo katikati ya tako la risasi. Nyundo ikishaanguka, kufuli ya pampu inafunguka. Kabla ya hapo, bunduki ikiwa imekokiwa, pampu haivutiki hata kwa nguvu. Lazima ubonyeze kitufe cha kuifungulia. Kwenye Remington 870 kitufe hicho kiko mbele ya kingo ya triga, kushoto. Kwenye Mossberg kiko nyuma ya triga, kushoto vilevile. Cha usalama nacho kinatofautiana: 870 ina kitufe kinachopita nyuma ya triga kutoka upande hadi upande, na pete nyekundu ikionekana maana yake bunduki iko tayari kufyatuka, Mossberg ina kitelezi juu ya bodi, pale kinapofika kidole gumba. Anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine azoeze vidole vyake kwanza akiwa na risasi bandia.

Elewa pia kwamba kitufe cha usalama kwenye bunduki nyingi za aina hii kinaizuia triga tu. Nyundo iliyokokiwa bado imeshikwa na kikwamisho kidogo cha chuma, na pigo kali, kwa mfano bunduki ikianguka kwenye sakafu ya saruji, linaweza kuiachia. Kwa hiyo njia salama ya kubeba shotigani ya pampu ni chemba tupu, yaani ile sehemu ya nyuma ya mtutu inayoshika risasi isiwe na kitu, mpaka wakati wa kupiga.

Kuhakikisha ni tupu

Kanuni za silaha ni zilezile: mdomo wa mtutu uelekee mahali salama, kidole kikae nje ya triga mpaka umelenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha. Hata marisaa madogo (vile vipunje vilivyo ndani ya risasi) ya kupigia visahani hufika karibu mita 200, na risasi moja nzito ya shotigani huenda mbali zaidi ya hapo. Lakini pampu ina mtego wake wa peke yake. Unaweza kufungua, ukaona chemba tupu, ukasukuma mbele ukidhani umefunga bunduki tupu, kumbe umepandisha risasi kutoka kwenye bomba la magazini.

Basi ukaguzi una sehemu mbili. Bonyeza kitufe cha pampu, vuta mpaka mwisho, tazama chemba, kisha ingiza kidole uiguse. Gizani au ukiwa umechoka macho hudanganya. Halafu igeuze uangalie mdomo wa bomba la magazini. Kinachopaswa kuonekana ni kisukumio, kile kikombe kinachosukumwa na springi. Viwanda vingi hukipaka rangi kali kwa sababu hiyo. Ukiona tako la risasi badala ya kisukumio, bunduki haijawa tupu.

Kuondoa risasi zilizo kwenye bomba hakuhitaji kuzipitisha chemba moja moja. Pandisha kipandishio, kile kibao kinachoinua risasi, kwa kidole, kisha bonyeza vizuia risasi vilivyo pembeni mwa mdomo wa bomba. Risasi zitatoka moja baada ya nyingine mkononi. Ithaca 37 haina dirisha pembeni, inalishwa na kutema kwa chini, kwa hiyo utaratibu wake unafuata kitabu chake.

Kupakia

Soma maandishi yaliyo kwenye mtutu kabla ya kusoma ya kwenye pakiti. Geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu: geji 12 ina tundu la milimita 18.5 hivi, geji 20 ni milimita 15.6. Kuchanganya hizi mbili kumewaharibia watu bunduki na mikono: risasi ya geji 20 ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 inateleza kupita chemba na kukwama mbele yake, mahali usipoiona. Mpigaji anadhani hakupakia, anatia ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka. Maganda ya geji 20 hutengenezwa ya manjano kwa ajili hiyo, lakini mfuko wa koti haujui rangi. Siku moja, geji moja.

Urefu nao una hila. Namba ya milimita 70, 76 au 89 iliyoandikwa kwenye risasi ni urefu wa ganda likishafunguka, baada ya kupigwa. Risasi ambayo haijapigwa ni fupi kuliko hapo kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Kwa hiyo ya milimita 76 inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye chemba ya milimita 70, boliti ikafunga, na kila kitu kikaonekana sawa. Ukifyatua, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda kupita kiasi. Kuingia si ushahidi kwamba inafaa. Ya 70 kwenye chemba ya 76 haina shida.

Kupakia kwenyewe:

1. Pampu iwe mbele, imefungwa, kitufe cha usalama kimewekwa, mdomo wa mtutu upande salama.
2. Geuza bunduki kidogo ili dirisha la chini lionekane. Sukuma risasi kwa kidole gumba, tako likiwa nyuma, mpaka usikie "klik" ya kizuia risasi ikilishika.
3. Usiondoe kidole kabla ya ule mlio. Risasi iliyoachwa nusu inarudi nyuma na kuingia chini ya boliti, na hapo pampu inagoma.
4. Rudia mpaka idadi unayotaka. Baadhi ya bunduki zina kizibo ndani ya bomba kinachopunguza idadi kwa sababu za kisheria za uwindaji. Kama bomba la risasi tano linakubali mbili tu, kizibo ndicho sababu.
5. Ukiwa tayari kupiga, bonyeza kitufe cha pampu, vuta mpaka igote nyuma, sukuma mpaka igote mbele.

Mvuto mmoja, kazi mbili

Hapa ndipo kazi ilipo. Pampu inafanya mambo tofauti kwenye nusu tofauti za njia yake, na ukikatisha popote kuna jambo linabaki halijafanyika.

Pampu ikianza kurudi, boliti inafunguka kutoka kwenye mtutu na ukucha unavuta ganda. Karibu na mwisho kabisa wa nyuma, ganda linakutana na kirushio na kuruka nje, nyundo ikiwa imeshakokiwa njiani. Na kwenye zile sentimita za mwisho ndipo kizuia risasi kinapoachia risasi moja kutoka kwenye bomba iangukie kwenye kipandishio. Ukisukuma mbele, kipandishio kinainuka, boliti inaisukuma risasi chemba, kisha inajifunga.

Mtu akivuta asilimia tisini tu ya njia, ganda linaweza kutoka na nyundo ikakokiwa, lakini risasi mpya haijaachiwa. Anasukuma mbele, anavuta triga, anasikia "tik" tupu. Akivuta pungufu zaidi, ganda la zamani linarudishwa chemba. Kote kuwili bunduki ni nzima.

Kwa hiyo usiibembeleze. Woga wa kuiharibu ndio unaowafanya wanaoanza wavute polepole, na ile polepole ndiyo inayoharibu mpangilio. Vuta kwa nguvu mpaka chuma kigonge chuma, sukuma vilevile. Imetengenezwa kugongwa hivyo. Mkono ukae katikati ya mkono wa pampu au nyuma kidogo, kiwiko kikiwa kimelegea. Ukinyoosha mkono kabisa mbele unapoteza nguvu ya kumalizia mvuto. Urefu wa kitako nao unachangia: kitako kirefu kuliko mwili wa mpigaji kinamlazimisha kufikia mbali, naye anaishia kuvuta pungufu.

Wakati wa kupiga, bana kitako kwenye bega, shavu likae juu yake, uzito uelekee mbele. Wenye uzoefu hukoki bunduki ikiwa bado begani, mrudisho ukisaidia kuanzisha mvuto. Ila usiivute pampu nyuma kwa nguvu huku unabonyeza triga: kwenye baadhi ya aina kufuli inabanwa na haifunguki mpaka usukume mbele kidogo kwanza. Hali hiyohiyo hujitokeza risasi isipolipuka, kwa kuwa hakuna mrudisho wa kuilegeza.

Mazoezi bora ni ya risasi bandia, zile za plastiki au alumini zenye springi kwenye tako. Zinafundisha mkono na kuilinda pini kwa wakati mmoja.

Inapogoma

Umevuta triga, "tik", hakuna mlio. Kaa hivyohivyo, mtutu upande salama, hesabu sekunde 30 kamili; fataki yaweza kuwa inachelewa. Baada ya hapo fungua na utoe. Tazama fataki. Alama iliyozama vizuri ina maana risasi ndiyo mbovu. Alama hafifu ina maana pini imechakaa, springi ya nyundo imechoka, au mafuta yaliyoganda yanaipunguza pini mwendo. Kama chemba ilikuwa tupu, rudi sehemu iliyotangulia.

Mlio hafifu, kama kifuniko kinachofunguka, na teke lisilo na nguvu: acha mara moja. Kuna uwezekano kikombe cha plastiki kinachobeba marisaa kimebaki ndani ya mtutu. Toa risasi zote, vua mtutu au chungulia kutoka upande wa chemba, sukuma kilichobaki kwa mdeki, ule ufito wa kusafishia mtutu. Risasi inayofuata ikipigwa juu ya kizuizi, mtutu unavimba au kupasuka. Tope na theluji mdomoni hufanya kazi hiyohiyo.

Ganda lililopigwa limegoma kutoka chemba, ukucha unateleza juu ya ukingo wake. Sababu ya kawaida ni chemba chafu au yenye mikwaruzo pamoja na risasi za bei nafuu zenye tako la chuma. Shaba hutanuka wakati wa mlipuko kisha hurudi. Chuma hafifu kinatanuka na kubaki hivyo. Jaribu aina nyingine ya risasi kabla ya kulaumu ukucha. Ganda lililokwama, kama una hakika limekwisha lipuka, lisukume kwa mdeki kutoka mdomoni huku pampu ikivutwa. Kama huna hakika, peleka kwa fundi bunduki. Usipige kitako chini ukiwa umeinamia mdomo wa mtutu. Unashangaza wingi wa watu wanaofanya hivyo.

Pampu imekwama kabisa, si mbele si nyuma, na kitufe kimebonyezwa. Mara nyingi risasi ya pili imepita kizuia risasi na kulala kati ya kipandishio na boliti. Kwenye 870 za zamani hali hii ilihitaji kufungua bunduki. Tangu miaka ya 1980 kipandishio chake kina mkato unaokiruhusu kujipinda, na pampu inavutika risasi itoke. Ikijirudia, tazama vizuia risasi: vimechakaa, au vina uchafu nyuma yake.

Kinachodumu na kisichodumu

Mtutu hauishi kwa kupigwa. Marisaa hayagusi kuta zake, yamo ndani ya kikombe cha plastiki. Unaharibika kwa kutu, kubonyea na vizuizi. Bonyeo dogo nje ni jambo kubwa ndani. Usifyatue mpaka fundi alione. Kama mdomo una choki ya kufungwa kwa nyuzi, ile bomba fupi inayobana msambao wa marisaa, usipige bila choki: gesi na plastiki vinaingia kwenye nyuzi. Ikaze kila baada ya raundi chache, kwa sababu hulegea, na ifungue kila unaposafisha, kwa sababu ikiachwa huganda. Choki ya kubana kabisa kwenye geji 12 hupunguza tundu kwa karibu milimita 1, ya wastani nusu ya hapo. Marisaa ya chuma hayapondeki kama ya madini ya risasi, hivyo usiyapitishe kwenye choki ya kubana kabisa, hasa kwenye mtutu wa zamani.

Boliti na kipande chake cha kujifungia huchukua muda mrefu sana kuchakaa. Dalili za kutazama ni fataki zinazochomoza nje ya tako baada ya kupigwa, au matako yaliyovimba. Hapo fundi apime kwa vipimo maalumu vya chemba. Kama kielelezo cha kinachodaiwa kwa bunduki nzima, kipimo cha jeshi la Marekani cha MIL-S-3443 kinataka shotigani ipigwe risasi 3,000 za nguvu kamili. Nyingi za uwindaji hazifiki hapo katika umri wa mwenye nayo.

Ukucha wa kuvuta ganda ndio wa kwanza kuchunguzwa. Remington 870 ina mmoja, Mossberg 500 ina mbili zinazoshika ganda pande zote mbili, na hiyo ni faida ya kweli. Ncha yake inapaswa kuwa kali na yenye kona. Ikiwa mviringo kama iliyopigwa msasa, ibadilishe pamoja na springi yake. Lakini kabla ya kununua mpya, chokoa chini yake kwa mswaki na ncha ya kijiti. Kucha nyingine zinazotupwa zilikuwa na uchafu tu. Jaribio ni rahisi: ingiza ukingo wa risasi bandia chini ya ukucha, boliti ikiwa mkononi. Inapaswa kuning'inia bila kuanguka unapoitikisa taratibu.

Kirushio kinachanganya watu kwa sababu ya jinsi kinavyofungwa. Cha Mossberg kimeshikwa na skrubu, unakibadilisha mezani. Cha 870 kimepigwa ribiti kwenye bodi, springi yake ikivunjika ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Dalili: ganda linavutwa kutoka chemba vizuri lakini linabaki limelala dirishani badala ya kuruka. Vizuia risasi vina hadithi ileile: vya Mossberg vinatoka vyenyewe ukishusha kikasha cha triga (na kuanguka sakafuni usipoangalia), vya 870 vimekazwa kwa kupondwa chuma pembeni, na vikilegea pampu huanza kusuasua.

Springi ya magazini ni ya bei ndogo, na watu huitumia mpaka mwisho. Iking'olewa inapaswa kuwa ndefu kuliko bomba kwa kiasi kinachoonekana wazi. Ikilingana na bomba au kuchomoza kidogo tu, imekwisha. Bunduki huanza kuikosa risasi ya mwisho kabla ya kukosa zile za mwanzo, kwa kuwa springi ikishatanuka ndipo inapokuwa dhaifu. Kuliacha bomba limejaa miezi mingi huipunguza pia urefu, hasa kwenye mabomba yaliyoongezwa ukubwa. Kisukumio cha plastiki laini nacho hupinda na kukwaruza ndani; cha chuma au plastiki ngumu kinadumu zaidi.

Pini haiharibiwi na "tik" chache za bila risasi, lakini mazoea ya kila siku huichosha. Vipande vya plastiki, kama kitelezi cha usalama cha Mossberg, huvunjika kabla ya kitu chochote cha chuma. Kuna vya chuma vya kubadilishia. Kikasha cha triga cha plastiki, kwa upande mwingine, hakina tatizo lolote na hakishiki kutu. Usipige tupa kwenye kikwamisho cha nyundo ili kulainisha triga. Robo ya milimita inatosha kuifanya bunduki ifyatuke ikigongwa.

Fito zikipinda kidogo, pampu inakwaruza upande mmoja. Mlio wa kutikisika kwenye mkono wa pampu wa Mossberg ni wa kawaida, tangu kiwandani. Kisicho cha kawaida ni nati ya ndani ya mkono huo kulegea, au skrubu ndefu inayoshika kitako kulegea: kitako cha mbao kisichokazwa hupasuka nyuma ya bodi kwa mateke ya mrudisho. Raba ya kitako huwa ngumu au inanata ikizeeka, na haina dawa isipokuwa mpya.

Kusafisha na kufunga

Hakikisha ni tupu, fungua pampu nusu, fungua kifuniko cha bomba, vuta mtutu mbele. Kwenye 870 sukuma pini mbili za triga, shusha kikasha chake, kisha bonyeza kizuia risasi cha kushoto na uvute mkono wa pampu mbele pamoja na boliti. Mossberg ina pini moja ya triga. Inatosha, usifungue zaidi ya hapo kwa usafi wa kawaida.

Mtutu unasafishwa kutoka chemba kwenda mdomoni: brashi ya shaba yenye kiyeyushi, subiri dakika kumi kilainishe plastiki iliyogandia ukutani, kisha vitambaa mpaka kimoja kitoke safi. Chemba ipate brashi yake pana na muda wake wenyewe. Wengi huipitia mara moja kwa haraka, halafu hushangaa maganda yanakwama. Ikibaki na mikwaruzo, pamba ya chuma laini kabisa, ile ya namba 0000, ikizungushiwa brashi na mafuta kidogo, huing'arisha. Msasa hapana.

Mafuta yawe kidogo: tone kwenye kila ufito, tone kwenye njia ya boliti, utando mwembamba nje na ndani ya bomba. Grisi nyepesi kidogo kwenye nyuzi za kifuniko na za choki. Ndani ya tundu la pini usitie kitu, kwa kuwa mafuta pale huwa gundi. Na bunduki iliyojaa mafuta ikisimamishwa kwa kitako, yanateremka mpaka kwenye mbao za kitako na kuzilainisha kuzunguka skrubu yake. Isimamishe mdomo chini siku ya kwanza baada ya kusafisha.

Unapofunga 870, bonyeza kizuia risasi cha kulia fito ziingie, kisha cha kushoto, bila kulazimisha. Rudisha mtutu na kifuniko, ukikaze kwa mkono. Kikilegea mtutu unacheza. Kisha jaribu bila risasi ya kweli: koki, pampu isivutike, weka usalama, vuta triga, kisitokee kitu, ondoa usalama, vuta triga, usikie nyundo, pampu sasa ivutike. Pakia bandia tatu, zipitishe zote, ziruke mbali bila kulala dirishani.

Hifadhi kwenye kabati la kufuli, chemba na bomba vitupu, risasi zikifungiwa mahali pengine. Mfuko wa ngozi au turubai ni wa safari tu: unashika unyevu na kuotesha kutu ndani ya wiki chache. Ukiitoa baada ya miezi, pitisha kitambaa kikavu mtutu mzima, hasa chemba. Chemba yenye mafuta hailishiki ganda, na tako lake huisukuma boliti kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa.